Kabla Hujayafungua Mabunda ya Sufi

Observatory, Johannesburg
Mwezi wa tano, 2018

Rehema,

Salamu utazipata kesho mdomoni tukiagana, hapa sizipotezei wino. Umeenda Yeoville kusuka, umeniachia mtoto amelala, na wale wasusi wako wa Kikongo nawajua, hawamalizi kichwa kabla ya jua kuzama. Mumeo kaenda kukagua matairi ya gari. Kwa hiyo nina mchana mzima, meza ya jikoni, na daftari lako la shule lenye kurasa tupu, maana wewe hukuwahi kumaliza daftari hata moja.

Utasoma polepole, najua. Kiswahili unakisikia vizuri sana ukikaripiwa, ukitakiwa kujibu unanirushia Kizungu. Ukikwama usimpe Ramazani akusomee. Kiswahili chake cha Kasongo ni kizuri na mimi humcheka kwa mapenzi tu, lakini haya si ya mkwe kuyasoma kabla yako. Kaa peke yako, utamke kwa sauti, kidole chini ya neno, kama nilivyokufundisha kwenye meza hii hii.

Sitakuandikia habari za kupika, wala za kumkanda mtoto, wala za kuishi na mume. Hayo ama umeyaona humu ndani miaka yote, ama hukuyaona, na kama hukuyaona karatasi haitakusaidia. Nakuandikia habari za dari.

Usicheke. Hayo mabunda saba ya sufi ya kutandika darini mliyonijazia kwenye korido, hata napita ubavu kwenda chooni ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ndiyo yaliyonitoa maneno. Jana Ramazani kayapigapiga mgongoni kama anauza ng'ombe. "Mama, tukifika Bloemfontein Jumamosi, Jumapili napanda, natandika, baridi inakwisha kabisa. Zuhura atalala kama mtoto wa sultani." Na wewe ukadakia kwa Kizungu chako kwamba na yale matundu ya ukutani mtayaziba, yanaingiza upepo. Mimi nikanyamaza. Ukaniuliza kama naumwa. Umenijua vizuri, maana mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Picha ya nyumba mliyonunua niliiomba nikaitazama mpaka simu yako ikazimika. Paa la bati la zamani lililopakwa rangi nyekundu. Kuta nene za tofali. Sakafu ya mbao iliyoinuka kutoka ardhini. Na chini kabisa ya ukuta, na juu karibu na dari, tofali moja moja zenye vitundu. Rehema, hiyo ni nyumba hii. Kama haikujengwa na fundi yule yule basi ni ndugu yake. Na Zuhura ana miezi minane, na kifua chake kinapiga filimbi akilala. Nakisikia sasa hivi ninavyoandika. Mkimlaza chini ya dari hiyo kwa akili mliyokuwa nayo jana, mtamfanyia niliyomfanyia mwanangu mimi. Ndiyo maana naandika, na si kwa sababu napenda.

Sasa sikiliza. Babu yako aliponunua nyumba hii hakuishi humu hata mwaka, akafa. Nikabaki na baba yako, na wewe ukiwa mdogo, mama yako ameolewa tena Durban. Mimi nilikuwa na meza yangu ya mitumba mjini, karibu na Newtown, nauza makoti. Majira ya baridi ya kwanza yakatukuta. Wewe ulikuwa unalala na soksi mikononi. Maji ya kutawadha alfajiri yanauma kama kisu. Mtu wa Tanga anajua joto, anajua kupepea, anajua kutafuta kivuli. Baridi ya ndani ya nyumba hakuna aliyetufundisha. Hapa watu wote wanatetemeka ndani ya kuta nene na kuvaa makoti mezani, na wanaona ni kawaida.

Mimi nikajiona nina akili kuliko wote. Nilikuwa na magunia ya nguo zisizouzika: makoti ya watoto yasiyo na zipu, masweta yaliyoliwa na nondo, mashuka, suruali za sufu za wazee waliokufa Ulaya. Nikasema, joto linapanda juu, linatokea darini, basi nitaivalisha dari koti. Na katika hilo sikukosea, nakwambia. Joto hutokea juu. Anayeanza na kuta au mapazia anajichosha bure, kwanza dari. Hilo peke yake ndilo nililolijua, na mtu anayejua kitu kimoja ana hatari kuliko asiyejua kitu.

Baba yako, Athumani, wakati huo alikuwa kibarua wa mapaa. Anabeba bati, anashika ngazi, anapokea misumari. Nilimwambia apandishe magunia. Akasimama pale korido, pale pale yalipo mabunda yenu, akakuna kichwa.

"Mama, tungoje mvua ya kwanza."

"Mvua ya nini? Mtoto anakufa kwa baridi wewe unangoja mvua?"

"Tuone bati linavuja wapi. Hizo nguo zitakunywa maji."

"Mwezi wa sita huu, umeona tone? Wa saba umeona? Bati zima hili."

"Mama, hapa mvua..."

"Wewe mapaa umesomea wapi?"

"Sikusomea. Nayabeba kila siku."

"Basi yabebe. Usinifundishe."

Mimi niliyeishia darasa la nne, ndiye niliyemuuliza mwanangu kasomea wapi.

Uone kosa langu lilipo, maana ni la mtu wa pwani hasa, na wewe uliyezaliwa hapa huenda usilifanye, lakini Ramazani atalifanya. Kwetu ubaridi, huo huo mnaonicheka nikiuita ubaridi, unakuja nyuma ya masika, ardhi ingali na maji. Baridi na mvua tumevijua vikiwa pamoja. Kwa hiyo nilipoona majira ya baridi yote yamepita na dari ni kavu, nikaamini nimelijaribu bati na limefaulu. Nilisahau niko wapi. Huku mvua inakuja na joto, kuanzia mwezi wa kumi, na radi na mawe. Wakati wa baridi mbingu imefungwa. Nyumba haivuji kwa sababu hakuna cha kuvuja. Na Bloemfontein ni hivyo hivyo, nimeuliza. Na ninyi mnahamia mwezi wa tano, kukavu, Jumapili mnatandika. Umeona?

Tukapandisha. Alipanda yeye, mimi nikipokeza kutoka chini na kumpigia kelele azishindilie vizuri, aweke hata kwenye kingo, asiache nafasi. Aliniambia kuna nyaya za umeme za zamani huko, ganda lake limekauka linabanduka likiguswa, tumwite fundi umeme kwanza. Nikamwambia anaogopa buibui.

Halafu nikaja kwenye matundu. Kwetu tundu la ukutani ni la kuingiza upepo, ni la nchi ya joto. Nikasema aliyejenga hapa alikuwa mpumbavu, kaweka matundu kwenye friji. Nikazunguka nyumba nzima na kisu cha jikoni na matambara, ya juu nikaziba, na ya chini kule nje yanayopeleka hewa chini ya mbao za sakafu nikaziba. Nikaweka hita ya mafuta ya taa sebuleni, nguo nikaanika ndani, masufuria yakachemka mlango umefungwa. Na nyumba ikapata joto, Rehema! Asubuhi madirisha yanatiririka. Nilikuwa nikiwaita wanawake wenzangu waje waone. "Njooni muone nyumba ya Mwanaidi, mpaka vioo vinatoka jasho!" Nikajisifu kwa ugonjwa wa nyumba kama mtu anayejisifu kwa uvimbe kwamba amenenepa.

Maji yale hayakuwa ya mvua. Yalikuwa yetu. Ni pumzi zetu, ni wali, ni kanga mbichi, ni ile hita, maana mafuta ya taa yakiwaka yanatoa maji hewani na wewe huyaoni. Zamani yalikuwa yanatoka kupitia matundu. Nilipoyaziba yakaketi kwenye pembe, nyuma ya kabati, chini ya mbao. Na hewa chafu ya hita nayo haina pa kutokea. Kwamba hatukukutwa asubuhi moja tumelala tusiamke ni rehema ya Mungu tu, si akili yangu.

Kuvu ilianza chumba cha mbele, kile cha upande usiopigwa na jua, ambako alilala baba yako na kitanda chako kidogo pembeni. Kwanza madoa kama pilipili manga iliyomwagika. Nikaifuta na dawa ya kufulia, ikarudi. Nikaipaka rangi, ikatoka juu ya rangi. Baba yako akaanza kukohoa. Si kikohozi cha siku mbili. Alikuwa anakaa kitandani akishika magoti kutafuta pumzi, kazini akichelewa, kisha kazini wakamwambia apumzike, kisha wakamwambia asirudi. Nami nikasema ni sigara. Mtu aliyevuta sigara moja kila sikukuu! Nikasema ni uvivu. Nikasema mbele yako, mezani, ukiwa unakula: "Wanaume wengine wanajua kukohoa saa ya kazi tu." Ulicheka. Ulikuwa na miaka minane, ulimpenda aliyekupikia.

Mara mbili alizibua tundu la chumba kile. Mara mbili nikaliziba. Mara ya pili alisema, "Mama, si kwa ajili yangu. Msikilize na mtoto anavyopumua." Nikachukua shati lake la kazi, lile la buluu, lilikuwa limekaa bila kazi, nikalisokomeza humo mbele ya macho yake. Hakusema kitu. Baba yako alikuwa hivyo, ukimkosea ananyamaza mpaka wewe unayekosea unapata hasira zaidi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimeinuka nikamtazama Zuhura. Nimechemsha maji nisiyoyahitaji. Nimerudi.

Kovu lako la juu ya nyusi. Unajua ulilipataje. Tangu ukiwa mdogo unasimulia, hata Ramazani nimemsikia ukimsimulia: baba alipanda darini amelewa, akakanyaga, dari ikaniangukia. Umesimulia vizuri, neno kwa neno kama nilivyokufundisha.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mchana kama huu. Ulirudi shule na homa nikakulaza chumba cha mbele. Mvua zilikuwa zinanyesha mwezi wa tatu sasa na mimi nilikuwa nimeona doa la kahawia kwenye dari yako, linapanuka kama chai iliyomwagika. Nililiona. Nikasema litakauka. Siku hiyo ikaja mvua ya mawe, bati linapiga kelele hata husikii redio. Baba yako alikuwa jikoni. Akatazama juu, akakimbia kuchukua ngazi, akafungua mlango wa dari pale korido, akaingiza kichwa na mabega tu. Miguu yake ilikuwa kwenye ngazi, Rehema. Niliiona. Miguu miwili, viatu vya mpira, kwenye kidato cha nne cha ngazi.

"Mama! Mtoe mtoto chumbani! Nguo zimejaa maji, mbao zimelegea!"

Mimi nilikuwa na sinia la mchele.

"Ana homa, ndiyo kwanza kalala. Shuka, unanichafulia zulia."

"Mama, mtoe!"

"Nimesema shuka!"

"Mama, nakuomba."

Nikaendelea kuchagua mchele. Naomba ulisome tena hilo kwa sauti. Niliendelea kuchagua mchele, kwa sababu aliniambia nifanye kitu mtu niliyekwisha kuamua kwamba hajui kitu.

Ikaanguka. Magunia yangu yote, makoti, masweta, yamenywa maji ya miezi mitatu, yakashuka na mbao na misumari juu ya kitanda chako. Yeye ndiye aliyeruka kutoka kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyekuchimbua kwa mikono. Ulipofungua macho ukamwona yeye amejaa vumbi na damu yako, ngazi imesimama nyuma yake, na ukafikiri ulivyofikiri. Mama Salma wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni na mwavuli. "Kulikoni?" Nikamjibu, na maneno yalitoka yenyewe kama yalikuwa yananingoja: "Athumani kakanyaga dari."

Maneno matatu. Nimeishi humo mpaka leo.

Jumapili wakaja wazee wetu, wa Tanga na wa Dar, unajua tunavyofanya, jambo likiharibika nyumbani wanakaa watu wazima sebuleni. Viatu vimejaa kibarazani. Mkubwa wao akamuuliza, "Athumani, ni kweli ulikanyaga?" Baba yako akanitazama. Alinitazama muda mrefu, nikatazama birika. Akasema, "Mama ameshasema." Hakuna zaidi. Mtoto wetu hambishii mama yake mbele za wazee, tumewalea hivyo, na mimi niliijua adabu hiyo na nikakaa juu yake kama kiti. Wakamwambia aombe radhi. Akapiga magoti akaniomba mimi radhi, kisha akageuka akakuomba wewe, una plasta usoni. Na ulevi nikauongeza baadaye mwenyewe, uliponiuliza kwa nini hakuona anapokanyaga. Baba yako hanywi. Hajawahi.

Nikasema mbele yao wote kwamba akitoka, geti hili haliingii tena mpaka mimi nilifungue kwa mkono wangu. Akatoka na begi moja.

Fundi umeme aliyekuja kurekebisha, mzee wa Kizulu, mpole, alishuka ngazi ameshika mkono wa sweta la mtoto umeungua mweusi mpaka kwenye kiwiko. "Gogo," ndivyo wanavyomwita bibi kwa Kizulu, "nani aliweka nguo juu ya nyaya hizi? Mlikuwa mnalala chini ya kiberiti." Nikamwambia, mwanangu. Uongo ukishapata pa kukaa unaita ndugu zake.

Baba yako alikuwa anapiga simu kila Ijumaa. Nilikuwa nakuuliza, "Baba yako huyu, utasema naye?" kwa sauti ile ile ninayokuulizia kama utakula kiporo. Ukasema hutaki. Nikapeleka simuni, "Hataki," kama tarishi mwaminifu. Ulipoanza kuwa mkubwa hukuhitaji tena kuulizwa. Siku ya ndoa yako uliniambia mwenyewe, "Bibi, wewe ndiye baba yangu na mama yangu," nami nikakubali, nikalia, na watu wakafikiri ni furaha.

Hayuko Dar, kama unavyodhani. Yuko Midrand. Ni mwendo wa nusu saa, gari likikuta robot, zile taa za barabarani, zote ni za kijani. Mama Salma ndiye aliyekuwa akiniletea habari. Akasema Athumani kahamia chumba kikavu chenye dirisha, na kikohozi kimekwisha, hakikufika hata mwaka. Nilichukia kusikia. Niandike vizuri ili usije ukadhani nimekosea: nilichukia kusikia kwamba mwanangu amepona, kwa sababu kupona kwake kulisema ugonjwa ulikuwa wapi. Matundu sikuyazibua. Nikitazamana nayo niliona yananitazama. Harufu hii ya nyumba, uliyoizoea ukadhani ni harufu ya uzee wangu, ni hiyo. Chumba cha mbele nilichokuambia ni stoo hakina kitu ndani. Nimekifunga tu.

Na kazi anayofanya, utashangaa au hutashangaa. Anatandika sufi kwenye dari za watu. Nyumba mpya, maghala, na nyumba kuukuu pia, hizo ndizo wenzake wanazikimbia na yeye anazichukua.

Jana mliponipangia mabunda nilingoja mtoke, nikampigia. Namba yake nimekuwa nayo muda wote, nimeiandika kwa jina la Fundi. Iliita mara mbili.

"Athumani."

"Mama. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Rehema amenunua nyumba ya zamani Bloemfontein. Wanahamia Jumamosi, na Jumapili wanataka kutandika sufi na kuziba matundu. Ana mtoto mgonjwa wa kifua."

Unajua alichouliza? Hakuuliza habari zangu. Hakuuliza kwa nini leo. Akasema, "Paa bati au vigae?"

"Bati."

"Wamepanda kutazama?"

"Hawajapanda."

"Wasifungue hata bunda moja." Na akaanza kunieleza, haraka haraka, nami nikaandika nyuma ya kalenda kama mwanafunzi wake. Kwamba mchana mtu apande, ajifungie huko, azime tochi, atulie mpaka macho yazoee giza. Akiona nyota, ni matundu ya misumari iliyooza. Kwamba mwingine apande nje na mpira wa maji, amwage kama mvua kwa muda mrefu, hasa pale bati linapokutana na bomba la moshi, na wa ndani atazame. Mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, zilizo na alama nyeusi zimekwisha kunywa maji, azidunge na bisibisi, ikizama zibadilishwe kwanza. Fundi umeme mwenye cheti kabla ya sufi, si baada. Sufi isifunike taa zilizozamishwa darini, zinahitaji kupoa. Isishindiliwe, ikishindiliwa inakufa, ile hewa iliyomo ndiyo inayozuia baridi. Isisukumwe mpaka kingo za paa, hewa ipite. Na kama dari au paa ni zile karatasi ngumu za kijivu za zamani, za asbesto, zenye nyuzi zinazoua mapafu, msikate, msitoboe, msifagie, aitwe mwenye leseni.

"Na matundu?" nikamuuliza. Nilijua jibu. Nilitaka aniambie.

Akasema, "Matundu unayajua, Mama."

Kisha akauliza, polepole, "Yeye amekubali nije?"

"Sijamwambia."

"Umemwambia nini kingine?"

"Sijamwambia kitu, Athumani. Nitamwandikia."

"Mwandikie. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa nje ya geti," akasema, akakata.

Asubuhi ya leo, ulipokuwa unaoga, nilichukua kisu kile kile nikaingia chumba cha mbele. Shati liligoma kutoka, limeshikana na tofali kama ngozi. Lilipotoka, upepo ukaingia na vumbi la miaka kumi na mitatu usoni mwangu, na nikakaa chini sakafuni, na mtu wa umri wangu akikaa chini kuinuka ni shughuli. Nimelifua. Liko kwenye kamba nje, utaliona ukirudi, la buluu, halina tena umbo la mtu.

Ufunguo wa chumba hicho uko ndani ya bahasha ya barua hii. Ingia uvute pumzi kwa nguvu. Hiyo ndiyo harufu ya kuitafuta kwenye nyumba yako, nyuma ya kabati, chini ya zulia, kabla ya kumlaza Zuhura. Ukiipata, msijenge ujanja juu yake.

Kunisamehe siombi. Utanisamehe kwa sababu nimekulea, na msamaha wa namna hiyo ni adabu tu, nimeshaona adabu ya baba yako nilivyoitumia. Kasirika. Kasirika mpaka Bloemfontein, njia ni ndefu. Lakini hasira yako isikuzuie kutumia mikono yake. Mimi nilikuwa na fundi ndani ya nyumba yangu nikamwita mvivu.

Kesho saa moja asubuhi, kabla hamjaondoka, atasimama nje ya geti na ngazi yake na begi la vifaa. Hatabonyeza kengele, namjua. Niliapa geti hili nitalifungua mimi tu, na nimejaribu leo mara mbili kutembea mpaka pale kwa mazoezi, kama mwendawazimu, na mara mbili nimerudi. Sijui kesho miguu itaniambia nini. Basi ufunguo mwingine uliomo kwenye bahasha ni wa geti. Ukimtaka aende nanyi, mfungulie wewe. Usipomtaka, mpe Ramazani ukurasa wa kalenda, ataelewa. Lakini mojawapo ya hayo, Rehema, kabla hujayafungua mabunda ya sufi.

Zuhura ameamka, analia. Kifua kile.

Mimi nitakuwa jikoni. Nitapanga vikombe vinne vya chai. Kimoja kikibaki kikavu, nitakiosha hivyo hivyo.

Bibi yako,
Mwanaidi